Reli ya Busoga: Njia Iliyofuata Pamba

Zamani Mto Nile ulipotoka katika Ziwa Victoria pale Jinja haukuanza safari yake kwa utulivu. Uliteremka kwa kishindo juu ya miamba, ukapasuka povu jeupe, na kwa mwendo mrefu hakukuwa na chombo kilichoweza kuupanda wala kuushuka. Ni baada ya kulikaribia Ziwa Kyoga ndipo maji yanapotulia na kutanda katikati ya mafunjo, na mashua ikaweza kupita bila hofu. Kipande hicho cha mto kisichopitika ndicho kilichozaa Reli ya Busoga, njia fupi ya maili 60 hivi, yaani kilomita zipatazo 100, iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja kuelekea kaskazini.

Watu wengi wa Afrika Mashariki huifahamu reli kubwa iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Habari zake zimeandikwa katika vitabu vingi, na wanyama wakali waliowala wajenzi wake pale Tsavo wamepata sifa ulimwenguni kote. Lakini reli hiyo ndogo ya Busoga, ambayo haikuwa na simba wa kuipatia umaarufu, ina mafunzo makubwa zaidi kwa nchi yoyote inayoishi kwa jembe. Ndani yake mna habari ya mkulima, ya mzigo wake, na ya watu waliosimama kati yake na soko.

RELI YA UGANDA ISIYOFIKA UGANDA

Reli iliyotoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda. Ilifika ufukoni mwa Ziwa Victoria mwezi Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1902, watawala wa Kiingereza walibadili mipaka, na jimbo zima la mashariki likatiwa katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Kwa hiyo Reli ya Uganda ikawa na jina la nchi ambayo haikuingia hata hatua moja. Mtu aliyetaka kufika Entebbe au Jinja alishuka Kisumu akapanda meli.

Kwa wafanya biashara wa mwambao wa ziwa hilo halikuwa tatizo kubwa. Meli ziliwafikia, na bidhaa zao zilipata njia. Lakini nyuma ya ufuko, kaskazini mwa Busoga, katika nchi ya Wateso na ya Walango, hali ilikuwa nyingine kabisa. Huko kila kitu kilichoingia na kila kitu kilichotoka kilikwenda juu ya kichwa cha binadamu.

MZIGO KICHWANI

Mwaka 1903 kampuni iliyokuwa na uhusiano na wamisionari wa Kiprotestanti ilianzishwa kwa ajili ya kuendeleza kazi za mikono na biashara. Meneja wake, K. E. Borup, aliagiza mbegu za pamba, na mbegu hizo zikagawiwa kwa machifu ili wawape watu wao wapande. Viwanda vya nguo vya Lancashire huko Uingereza vilikuwa vikitegemea mno pamba ya Marekani, na wenye viwanda hao walikwisha kuunda chama mwaka 1902 cha kutafuta pamba katika makoloni. Uganda ilionekana kuwa mahali panapofaa.

Mkulima kwa upande wake alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kupanda. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kodi haikulipwa kwa ndizi wala kwa wimbi. Pamba ilileta fedha. Udongo wa mashariki uliipokea vizuri, na katika muda wa miaka michache ikasambaa Busoga, Bukedi na Teso.

Hapo ndipo tatizo la njia lilipojitokeza. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 60 hivi. Msomaji akitaka kujua maana yake na afanye hesabu: ili kuhamisha tani 1 walihitajika watu wapatao 37, na ili kujaza behewa moja la tani 10 walihitajika watu zaidi ya 370, kila mmoja akiacha shamba lake, nyumba yake na watoto wake kwa siku nyingi. Watu hao walikula njiani, waliugua njiani, na wengine hawakurudi. Tena nguvu za watu zilikuwa zimepungua sana. Tangu mwanzo wa karne ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia Busoga na visiwa vya ziwa, na katika miaka michache uliwaua watu zaidi ya 200,000. Vijiji vya ufukoni vilihamishwa kwa amri ya serikali, na mashamba yaliyokuwa na migomba mizuri yakarudi kuwa msitu.

Mwishoni mwa mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipita katika nchi hiyo. Kutoka Jinja alikwenda kwa miguu hadi Kakindu, akifuata upande wa mto usiopitika, kisha akapanda chombo kuelekea Ziwa Kyoga. Aliporudi kwao aliandika kitabu, na humo alishauri kwa nguvu kwamba reli ijengwe kuunganisha maji ya Ziwa Victoria na yale ya Ziwa Albert. Gavana Hesketh Bell naye, aliyeanza kuitawala Uganda mwaka 1906, alikuwa akisukuma jambo hilo hilo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: maziwa na mto uliotulia vilikwisha kutolewa na Mungu bila gharama, kilichobaki ni kuruka maporomoko.

KUTOKA JINJA HADI NAMASAGALI

Hivyo ndivyo reli ilivyojengwa. Upana wake ulikuwa mita 1, sawa na ule wa reli ya Mombasa. Ilianza gatini Jinja, ikapita katikati ya mashamba ya Busoga, ikapita Mbulamuti, na ikakomea Namasagali, ukingoni mwa Nile, mahali ambapo meli za Kyoga ziliweza kutia nanga. Mali yenyewe ilikuwa ya serikali ya Uganda, lakini uendeshaji ulitiwa mikononi mwa wakuu wa reli ya Mombasa.

Namasagali, kijiji kilichokuwa hakijulikani, kikawa bandari. Palijengwa maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi. Meli za Kyoga zilikuwa za namna yake. Ziwa lile ni la kina kifupi na limejaa mafunjo na majani yanayoelea, kwa hiyo meli zilitengenezwa kuwa bapa, zenye gurudumu kubwa la kupiga maji nyuma, na zilisafiri zikiwa na matishari ya mizigo. Kwenye nchi ya Teso zilitia nanga Bugondo; upande wa magharibi zilifika Masindi Port. Kutoka hapo barabara ilikwenda mpaka Butiaba, kwenye Ziwa Albert, na kutoka Butiaba meli nyingine zilielekea Kongo na Nimule, kwenye mlango wa Sudan. Kwa miaka mingi msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Juba hakuwa na budi kulala Namasagali au kupitia hapo.

Hebu msomaji afuatane na robota moja la pamba ya Teso. Limefungwa kiwandani baada ya mbegu kuondolewa. Linapakiwa melini Bugondo. Linateremshwa Namasagali na kupandishwa garimoshi. Linateremshwa Jinja na kuingizwa katika meli ya Ziwa Victoria. Linateremshwa Kisumu na kupandishwa garimoshi jingine, ambalo linasafiri maili zipatazo 580 mpaka Mombasa, na huko linapakiwa katika meli ya kwenda Ulaya au Bara Hindi. Mara 5 limepakiwa, na kila mara kuna mikono ya makuli, kuna ushuru, kuna siku za kungoja, na kuna mvua inayoweza kulilowesha. Gharama zote hizo hazikulipwa na mnunuzi wa Lancashire. Zilipunguzwa katika bei ambayo mkulima alipewa kijijini.

Hata hivyo haifai kusema kwamba reli haikuleta kheri. Wapagazi wengi walipumzishwa mzigo. Chumvi, majembe, mafuta ya taa na nguo vilifika kwa wingi kuliko zamani. Katika nchi ya Teso wakulima walijifunza kulima kwa plau inayokokotwa na ng'ombe, na mashamba yakapanuka. Baadaye baiskeli zilionekana vijijini, na mtu aliyeuza pamba yake vizuri aliweza kumlipia mtoto ada ya shule. Kiswahili nacho, kilichokuwa lugha ya kazi katika reli na bandarini, kilisikika katika stesheni ambazo wenyeji wake walizungumza Kisoga na Kiteso.

NANI ALISHIKA MIZANI

Ubaya ulikuwa mahali pengine. Reli iliifuata pamba, lakini haikumfuata mkulima. Mwanzoni watu wengi walichambua pamba yao kwa mashine ndogo za mkono. Mwaka 1908 serikali ilitoa kanuni za pamba, na mashine hizo za mkono zikaondolewa, kwa maelezo kwamba ziliharibu ubora. Tangu hapo mkulima aliuza pamba ikiwa bado na mbegu zake, na faida ya kuichambua ikabaki kwa wenye vinu, ambao walikuwa Wazungu na Wahindi. Mkulima alifika na mzigo wake akakuta mizani imeshikwa na mtu mwingine, bei imepangwa na mtu mwingine, na gari litakaloondoka ni la mtu mwingine.

Ndani ya nyumba mambo yalibadilika pia. Pamba huhitaji kupaliliwa kwa wakati na kuchumwa kwa mkono, tunda moja moja, tena safi isiyochanganyika na majani makavu. Kazi hiyo iliangukia sana wanawake na watoto, juu ya kazi zao za siku zote za kulima chakula, kuteka maji na kutafuta kuni. Shamba la pamba lilipoongezeka, saa za kuhudumia wimbi na viazi hazikuongezeka. Katika miaka ya 1918 na 1919 Busoga ilipatwa na njaa kali. Ukame ulikuwa umekuja baada ya miaka ya vita kuu, ambayo ilikwisha kuchukua nguvu nyingi za watu. Baada ya msiba huo muhogo ulihimizwa upandwe kila nyumba kuwa akiba. Mama aliyeuona mwaka ule hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba pamba haipikwi.

RELI KUU YAFIKA

Katika miaka ya 1920 uliamuliwa ujenzi wa njia mpya kutoka Nakuru, ili mizigo ya Uganda isivuke tena ziwa. Njia hiyo haikupitishwa katika nchi za Waafrika walio wengi karibu na ziwa. Ilipandishwa katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, ilikokuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, ikapita Timboroa kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 9,000, ikashuka Eldoret na kuendelea hadi Tororo. Mwaka 1928 iliungana na Reli ya Busoga pale Mbulamuti. Mwaka 1929 tawi lake likafika Soroti, katikati ya nchi ya Teso. Mwaka 1931 daraja juu ya Nile pale Jinja likakamilika, na garimoshi likaingia Kampala.

Sasa robota la Soroti liliweza kupakiwa mara 1 na kuteremshwa Mombasa bila kuguswa na maji. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini manung'uniko hayakwisha. Watu wa Uganda walisema kwamba mahindi ya walowezi wa Kenya yalisafirishwa kwa nauli ndogo mno, wakati pamba ilitozwa nauli kubwa, na kwa hiyo mkulima mwenye jembe la mkono alikuwa akimsaidia kulipa gharama mlowezi mwenye trekta. Njia ni moja, mataruma ni yale yale, lakini karatasi ya nauli haikuwatazama wote kwa jicho moja.

Kwa Namasagali mambo yaligeuka polepole. Kile kipande cha Jinja hadi Mbulamuti kikawa sehemu ya reli kuu, na kile cha Mbulamuti hadi Namasagali kikabaki kuwa tawi. Bandari iliendelea kupokea mizigo ya Kyoga na wasafiri wa Kongo na Sudan, ila pamba ya Teso ilikwisha kupata mlango mwingine.

Wakulima nao hawakukaa kimya. Mwaka 1949 palitokea ghasia Buganda, na miongoni mwa madai ya wakulima lilikuwemo hili: waruhusiwe kuichambua pamba yao wenyewe na kuiuza nje bila mtu wa kati. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwa imepitishwa mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 vyama hivyo vilianza kumiliki vinu, Busoga ikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima aliweza kuwa karani wa mizani katika kinu ambacho baba yake ana hisa ndani yake. Huo ndio wakati ambapo njia na shamba vilikaribiana kuliko wakati mwingine wowote.

MAJI YAPANDA

Kilichoimaliza Namasagali hakikuwa reli nyingine wala uamuzi wa bodi. Ilikuwa mvua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na kufikia mwaka 1964 kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya mita 2. Nile ukafurika, gati la Namasagali likaingiliwa na maji, na huduma ya meli za Kyoga ikasimama. Butiaba nayo, kule Ziwa Albert, iliharibiwa. Mnyororo uliofungwa kwa miaka 50 ukakatika kwenye pingu mbili kwa wakati mmoja.

Wakati huo huo reli ilikuwa ikisogea kaskazini kwa nchi kavu: kutoka Soroti ilifika Lira, kisha Gulu mwaka 1963, na Pakwach mwaka 1964. Mizigo iliyokuwa ikivuka Kyoga haikuhitaji tena kuvuka. Njia ya mkato kati ya Bukonte na Jinja nayo ikaiondolea Mbulamuti hata ile heshima ya kuwa kwenye reli kuu. Namasagali hapakuachwa pawe magofu. Mwaka 1965 majumba ya reli na bandari yaligeuzwa kuwa shule ya sekondari, ambayo ilipata sifa kubwa nchini, na baadaye Chuo Kikuu cha Busitema kikafungua tawi lake hapo. Vijana wakasoma mahali ambapo babu zao waliteremsha marobota. Katika mabadiliko yote ya historia hii, hilo ni moja ambalo hakuna wa kulilalamikia.

Yaliyofuata yanajulikana. Msimu wa 1969/70 Uganda ilipata zaidi ya marobota 400,000 ya pamba. Kisha zikaja serikali ya kijeshi na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Vinu vikakosa vipuri, na wakulima wakacheleweshewa malipo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 pamba iliyovunwa ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya zamani. Reli iliyojengwa kwa ajili ya pamba ilikosa pamba, na pamba iliyobaki ikaondoka kwa malori.

SWALI LILILOBAKI

Leo habari za reli zinasikika tena. Mwaka 2023 kazi ya kukarabati njia ya zamani ya Tororo hadi Gulu ilianza. Mwezi Oktoba mwaka 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya, hadi Kampala. Busoga itapitiwa tena na chuma.

Lakini Busoga ya leo si ile ya mwaka 1912. Miwa, iliyoanza kukamuliwa kwa mashine katika kiwanda cha Kakira mwaka 1930, imechukua mashamba mengi ya wakulima wadogo. Miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mzima, na nyumba iliyopanda miwa mpaka mlangoni hununua chakula sokoni kama nyumba ya mjini. Wazee wa Busoga wanalisema jambo hilo waziwazi, na wanaojua historia ya pamba hawashangai kulisikia.

Yafaa basi wanaopima njia mpya waijue habari ya njia ya zamani. Garimoshi la Busoga lilifanya kazi yake vizuri; halikulaumiwa kwa uvivu. Lililaumiwa kwa sababu lilichukua zao tu, nalo swali la nani atapima, nani atachambua, nani atapanga nauli na nyumba itakula nini lilijibiwa mbali na shamba. Wakulima walihitaji karibu miaka 40 kuyapata majibu yao wenyewe kwa njia ya ushirika, na majibu hayo yakapotea upesi kuliko yalivyopatikana.

Garimoshi halifiki tena Namasagali. Mto ungali unapita pale pale kuelekea Kyoga. Na kando ya barabara za Busoga mkulima bado anaketi juu ya gunia lake la mahindi akingoja lori, asijue dereva atamtajia bei gani. Reli ijayo itapimwa kwa jambo hilo: kama itakapofika, mtu huyo atakuwa na stesheni karibu naye, mizani anayoiamini, na akiba ya chakula nyumbani kwake.